Wifi Yangu na Njia za Mkwajuni

Nianze kwa kukiri, maana mwenyewe atasomewa haya na hatakubali nimpambe: kwa miaka kumi na mitano nilimwonea haya wifi yangu. Kache Gona ni mke wa kaka yangu Garama, na kosa lake machoni pangu lilikuwa moja tu, kwamba aliendesha baiskeli. Si kuendesha kwa madaha, umevaa leso mpya unakwenda kusalimia watu. Baiskeli nyeusi ya chuma, mitungi minne ya lita ishirini imefungwa kwenye keria kwa mipira ya ndani iliyochakaa, na mwanamke mzima juu yake anakanyaga kutoka Bwawa la Mkwajuni hadi sokoni Vitengeni, jua limesimama utosini.

Mimi ninauza chai na mahamri pale Vitengeni, na maji yote niliyopikia aliniletea yeye. Nilikuwa natumia maji yake na bado namkana mbele ya wateja. Mtu akiuliza yule mama wa baiskeli ni wa nani, nilijifanya nakuna nazi. Ukiniita mnafiki sitabisha.

Alianza akiwa na miaka kumi na minne. Baba yake aliteguka nyonga msimu wa kiangazi, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kufika bwawani na kurudi kwa miguu mara mbili kwa siku. Kache akaichukua baiskeli ya baba yake. Hakuweza kufikia kiti, kwa hiyo alipitisha mguu chini ya mtalimbo akaendesha akiwa amejikunja upande mmoja, hivyo hivyo, mpaka alipopata urefu. Wazee wa pale walinung'unika kwamba msichana wa baiskeli hataolewa. Kaka yangu Garama alimwona akipanda kilima cha bwawa bila kushuka, mitungi imejaa, akaja nyumbani akasema amepata mke. Mama yetu alimuuliza amempendea nini. Akajibu, "Mapafu."

Sasa nikueleze Mkwajuni kulivyo, kwa sababu bila hivyo hutaelewa lililotokea. Bwawa lenyewe ni tuta la udongo lililozuia maji ya mvua, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Limezungukwa na ardhi nyekundu iliyokatwakatwa na makorongo, mengine ya kuruka, mengine yanayoweza kumeza nyumba ya ghorofa. Kuta zake ni udongo mtupu, hazina hata mti wa kushika. Juu ya hayo makorongo na ndani yake zinapita njia za mbuzi, za ng'ombe, za wachoma makaa na za wabeba maji, na zote zinafanana. Mgeni akiingia, baada ya kona tatu hajui alikotoka. Kache alizijua zote. Usiku wa mwezi au mchana wa vumbi, kwake ilikuwa sawa na mimi kujua kabati langu la vikombe.

Mwaka juzi bomba likafika sokoni. Sote tulishangilia, mimi wa kwanza. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu mmoja ambaye bomba lile lilikuwa limemfuta kazi. Kache hakulalamika. Aliipangusa baiskeli yake kila asubuhi, akaitazama, akairudisha ukutani. Garama alikuja kwangu akaniambia mkewe hali vizuri na hacheki tena. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma badala ya haya.

Kisha akatokea Chirag.

Chirag ni kijana wa Malindi, familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake, na Jumapili yeye na wenzake hupanda baiskeli za kisasa, zile nyepesi zenye usukani uliopinda chini na matairi manene ya kupita kwenye changarawe. Jumapili moja walikuja kuzunguka bwawa wakapotea wote wanne. Kache alikuwa ndani ya makorongo akitafuta mbuzi. Aliwakuta wamekaa kivulini wamemaliza maji, Chirag anainua simu juu kutafuta mtandao.

"Shikamoo, mama," Chirag alimwambia. "Barabara iko wapi?"

"Marahaba. Barabara mmeipa mgongo," Kache alijibu. "Inukeni."

Akawatoa. Mwezi uliofuata wakarudi, wakamwomba awatangulie. Akawatangulia kwa baiskeli yake nyeusi ya chuma, wao na zile zao zinazobebeka kwa vidole viwili, na kwenye mchanga walimwona mgongo tu. Ikawa kila mwezi. Mwisho Chirag akasema ataandaa mashindano, kilomita arubaini kuzunguka bwawa na kukata kando ya makorongo, watu watoke Mombasa, Nairobi, popote. Na baada ya hapo awe na kiongozi wa njia wa kudumu, wa kuajiriwa, atakayewapitisha wageni mwaka mzima.

Kazi hiyo ilikuwa na mtu mwingine anayeitaka. Owen alikuwa mwongoza watalii wa Watamu, msafi, mwenye maneno matamu, na kwenye usukani wake kilikaa chombo kidogo cha kuonyesha njia kwa setilaiti. Mahoteli yaliyochangia mashindano yalimtaka yeye. Chirag alikuja kwa Kache akasema wazi, mbele yangu, kikombe cha chai mkononi: "Mama, njia utaiandaa wewe. Mashindano yakienda sawa, kazi ni yako na hakuna wa kuniuliza. Yakiharibika, sitakuwa na la kusema. Itabidi nimpe Owen."

Alipoondoka, Kache alinigeukia. Si mtu wa kuomba, lakini siku ile macho yake yalikuwa yanaomba.

"Wifi, naitaka kazi hii," aliniambia. "Nimechoka kukaa kama mgonjwa."

Chirag alikuwa amemwagiza aweke alama ili mtu asipotee. Kache akafanya kazi ile siku mbili, panga mkononi. Na hapa ndipo palipokuwa na kosa, kosa ambalo hata mimi ningelifanya, na wewe pia kama ungezaliwa kwetu. Sisi hatuweki alama kwenye njia nzuri. Njia nzuri ya nini kuiwekea alama, nawe unaipita? Sisi tunaziba ile mbaya. Unakata tawi bichi, unalilaza mlangoni mwa njia isiyofaa, na kila anayepita anajua hapo hapapitwi: pengine kuna mzinga umechokozwa, au ukingo umebomoka. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua. Kache alihesabu njia panda arubaini na moja kwenye mzunguko ule, na kwenye kila moja akalaza tawi penye njia ya kupotea. Jioni ya pili alirudi mikono imejaa malengelenge, akala ugali mara mbili.

Jumamosi walifika waendeshaji arubaini na wanane. Hoteli yangu ya chai niliihamishia kando ya tuta la bwawa, sufuria na meko na kila kitu. Sijawahi kuona mavazi ya kubana kiasi kile juu ya watu wazima. Kache alikaa kituo cha maji, nusu ya safari, mahali njia inaporudi kwenye tuta, na daftari la namba za washindani, nami nilikuwa hatua chache kutoka kwake na chai yangu. Saa mbili kamili walianza, vumbi likapanda, watoto wakapiga kelele.

Saa tatu na nusu wa kwanza akafika kituoni. Alikuwa muuza maziwa wa Vitengeni, na baiskeli ya kuazima. Nyuma yake fundi mmoja wa pikipiki wa Ganze. Halafu lundo la watu wa Malindi na Kilifi waliokuwa wameanza polepole na kuwafuata wenyeji. Kache akaandika namba, akatabasamu. Mimi nikaanza kujigamba kwa sauti. Baadaye nikaona kalamu yake imesimama.

"Wale wenye mbio wako wapi?" aliuliza.

Wale wa Nairobi, walioondoka kama risasi, hakuna hata mmoja aliyepita. Waliopita walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na saba hawakuonekana. Ndipo mshindani mmoja wa Malindi akasema, bila kujua anasema nini, kwamba kule kwenye njia panda ya kwanza aliwaona wageni wakiingia kushoto, palipolazwa tawi.

Nilimwona Kache akielewa. Uso wake ulikufa. Wageni walikuwa wamefika mahali penye njia mbili zinazofanana, moja tupu, nyingine ina tawi bichi lililokatwa na mkono wa mtu. Wakasema, hii ndiyo alama. Wakainua baiskeli juu ya tawi wakaendelea. Na kila njia yao ilipokatana tena na mzunguko wakaona tawi jingine, walifurahi kwamba bado wako njiani. Matawi yake yote yalikuwa yamewapeleka ndani zaidi ya makorongo.

Chirag alikuja mbio na pikipiki. Owen alikuwa pembeni yake, amesimama na baiskeli yake nzuri. "Nilisema mimi," Owen alisema. "Kazi hii si ya kubeba mitungi." Akabonyeza chombo chake, akavaa kofia ngumu, akasema yeye anakwenda kuwatoa. Akaondoka hata kabla Chirag hajajibu.

Nilitaka kumrushia mwiko. Kache hakumtazama. Alifungua vali za matairi yake, akapunguza upepo mpaka yakalainika, ndivyo wabeba maji wanavyofanya wakiwa na safari ya mchangani. Akanyanyua mtungi mmoja wa maji akaufunga kwenye keria.

"Wifi, na usipowaona?" nilimuuliza.

"Nitawaona. Maji yote ya makorongo yanaingia bwawani, na mchanga wake vilevile. Wao watakuwa wanapanda juu watazame. Mimi napita chini, mkondoni, ambako kila korongo linaishia."

Akaenda. Nikabaki na sufuria yangu. Saa nne na nusu, tano, tano na nusu. Jua la Mkwajuni saa hizo halina adabu. Chirag alikuwa anatembea juu ya tuta akirudi na kwenda. Washindani waliokwisha kumaliza walikaa chini wakanong'ona, na nilisikia mmoja akisema mambo haya ndiyo yanayoharibu jina la mahali.

Saa sita kasorobo nikaona vumbi chini, mahali mkondo mkubwa unapoingilia bwawa. Wakatokea mmoja mmoja kwenye mchanga, wanasukuma baiskeli, wekundu kwa udongo kuanzia viatu hadi kope. Nikawahesabu kwa kidole. Kumi na sita. Nyuma yao, peke yake akiwa amepanda, wifi yangu. Juu ya keria yake, palipokaa mitungi miaka yote ile, alikaa mwanamke mmoja wa Nairobi anayeitwa Bridgit, amemkumbatia kiuno na kichwa amekilaza mgongoni kwake. Wengine wote walikipanda kile kilima cha mwisho kwa miguu. Kache hakushuka. Alisimama juu ya pedali, akakipanda pole pole, misuli ya miguu imetoka, mpaka juu ya tuta, akaegesha.

Bridgit alilazwa kivulini, akapewa maji yenye chumvi na sukari. Alipopata sauti alinisimulia. Alikuwa ameishiwa nguvu, akamwambia Kache amwache pale alete watu. Kache alimuuliza ana kilo ngapi. Bridgit akaona aibu, akataja sitini na mbili. Kache akacheka, akasema, "Mitungi mitatu na kidogo. Panda."

Mimi nilicheka nikalia. Nilimletea wifi yangu chai. Akaishika lakini hakuinywa, kwa sababu Chirag alikuwa anauliza mambo mengine.

"Owen yuko wapi?" Chirag aliuliza. "Hamkumwona?"

Hakuna aliyemwona. Kache akanirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Akafunga mtungi mwingine wa maji kwenye keria, akaigeuza baiskeli.

Nikamshika mkono. "Kache, huyo aliyekutukana? Mwache aonyeshwe njia na setilaiti."

"Jua ni lile lile, wifi," alisema, akateremka.

Alirudi baada ya saa nzima. Wa kwanza kutokea alikuwa Owen, juu ya baiskeli yake, amenyooka. Kache alikuwa mbali nyuma, anakanyaga kivivu, kama mtu anayerudi kutembelea jirani. Nimemwona akiendesha kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa amejichelewesha makusudi. Watu walipomwona Owen peke yake mbele wakampigia makofi, wakidhani amejitoa mwenyewe. Owen hakuinua macho.

"Ulimkuta wapi?" Chirag alimuuliza Kache alipofika.

"Alikuwa anakuja," Kache alijibu.

Nilijua ni uongo, na nilijua ni uongo wa namna gani. Wabeba maji wa Mkwajuni wana desturi yao. Mwenzako akianguka njiani akamwaga maji, unasimama, unammiminia kutoka kwenye mitungi yako mpaka yake isionekane mitupu, na mkifika hakuna anayetaja. Hata mkigombana baadaye, hilo halitajwi. Lakini Owen hakuwa mbeba maji! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilijua kwamba neno moja tu la Kache lingemwokolea kazi yake, naye alikuwa amelimeza.

Chirag aliwakusanya watu. Alionekana mgonjwa. Kabla hajasema, Kache alisimama mbele ya wote, leso imejaa vumbi.

"Kosa ni langu," alisema. "Sisi kwetu tawi ni la kuziba njia. Sikuwaeleza. Nilidhani kila mtu anajua, kumbe anayejua ni wa hapa. Mnisamehe."

Hakuongeza neno. Mimi ningeongeza mia. Chirag akakohoa, akasema wafadhili wamepiga simu, na yeye alishatoa ahadi, na ahadi yenyewe anaumia kuitimiza. Akamwita Owen, akasema kuanzia leo kiongozi wa njia za Mkwajuni ni yeye. Watu wa mahoteli wakapiga makofi mafupi. Kache naye akapiga.

Owen alisimama pale na ile kazi mkononi mwake.

"Bwana Chirag," alisema, "mimi sikuwa nakuja popote."

Akakionyesha kwa kidole kile chombo chake.

"Chombo kilinionyesha mstari, lakini hakikunionyesha ukuta. Nilizunguka korongo moja mara nne. Maji yaliniishia. Mama huyu alinikuta nimevua viatu, nimeshapiga filimbi mpaka midomo imekauka, nimeanza kumwita mama yangu aliyekufa. Alinipa maji. Hakuniuliza nilisema nini asubuhi. Halafu akaniambia nitangulie, nikifika kwa watu nikae wima."

"We Owen," Kache alimkata, amekasirika kweli. "Nimekufunika, mbona unajifunua?"

"Kwa sababu ungenyamaza mpaka kufa, mama," Owen alisema. Akamgeukia Chirag. "Waliopotea leo walikuwa kumi na wanane, na wote kumi na wanane amewatoa yeye. Mimi kazi hii siichukui. Wafadhili wakiniuliza nitawajibu mwenyewe."

Bridgit aliinuka kutoka kwenye mkeka wake, miguu bado haijapata nguvu, akasema yeye atarudi mwezi ujao, lakini akiongozwa na mwingine harudi. Mmoja wa Nairobi akasema vivyo hivyo, kisha mwingine. Chirag alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, machozi yanamlengalenga, akamwendea Kache akainama akampa mkono kwa mikono miwili.

"Kazi ni yako, mama. Niliharakisha nikakosea."

Kache alivuta pumzi. Aliupangusa uso wake kwa ncha ya leso, udongo mwekundu ukatoka. Kisha akamtazama Owen kuanzia juu hadi chini.

"Watu arubaini siwezi kuwaongoza peke yangu," alisema. "Nataka mtu wa kukaa nyuma. Unaweza kuamka alfajiri?"

"Naweza, mama."

"Basi Jumatatu uje, nikufundishe matawi."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na safari hii hayakuwa mafupi. Mimi nilipanda juu ya benchi langu la mahamri, mwanamke mzima wa miaka hamsini, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Aliyekuwa kando yangu, mgeni wa Mombasa, aliniuliza yule mama ni nani.

"Ni wifi yangu," nilimwambia. "Ni wetu."